Kigari cha Gofu Chageuzwa kuwa Punda wa Shamba

Mtu aliyewahi kupita kando ya uwanja wa gofu huko Nairobi, mahali ambapo mchezo huo umekuwapo tangu mwaka 1906, ameona vijana wakiwafuata wachezaji huku wamebeba mifuko ya fimbo mabegani. Katika viwanja vingi vya Marekani kazi hiyo ya mabega ilikwisha zamani. Mfuko hufungwa nyuma ya kigari kidogo cha magurudumu manne, mchezaji hukaa kitini pamoja na mwenzake, na kigari huenda juu ya majani kimya kimya kwa nguvu za betri, mwendo wa maili 12 hivi kwa saa.

Nyumbani kwa vigari hivyo ni mji wa Augusta, katika Jimbo la Georgia, ambao wapenzi wa gofu huujua kwa sababu ya mashindano yake makubwa yaliyoanza mwaka 1934. Kampuni iitwayo E-Z-GO ilianzishwa humo mwaka 1954, na mshindani wake, Club Car, ana kiwanda karibu na mji huo huo. Viwanja vya gofu huchukua vigari kwa makumi, huvitumia miaka michache, kisha huviondoa ili vipya viingie. Vile vya zamani huuzwa kwa bei nafuu, na hapo ndipo mkulima anapoingia. Wasomaji wa pwani watacheka kidogo, maana kwao gofu ni nyumba iliyobomoka ikabaki kuta tupu. Na kwa kweli baadhi ya vigari vinavyouzwa vimekaribia maana hiyo.

Mkulima hutaka nini kwa kigari cha michezo? Ua wa ng'ombe uko mbali na nyumba. Kuna nguzo za kupeleka, nyundo, misumari, gunia la chumvi, na kuni za kurudi nazo. Trekta ni kubwa mno kwa kazi hiyo, tena hula mafuta. Gari la kawaida huchimba mifereji katika malisho. Kigari cha betri ni chepesi, hakipigi kelele, na ng'ombe hawastuki kikija. Lakini udongo wa Georgia ni mwekundu kama ule wa Kiambu, na mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Kigari cha gofu hakikuumbwa kwa udongo huo. Tumbo lake liko inchi chache tu juu ya ardhi, na matairi yake, yenye kimo cha inchi 18, ni laini makusudi yasije yakachubua majani ya uwanja. Kwa hiyo lazima kigeuzwe.

Fundi mwenye busara haanzi kwa kununua matairi. Huanza kwa kulala chali chini ya kigari, taa mkononi. Betri hukaa chini ya kiti, na kwa miaka yote asidi yake imekuwa ikidondoka kidogo kidogo wakati wa kutiwa umeme. Chasisi za E-Z-GO ni za chuma, na asidi hula chuma. Mahali palipoonekana pazima kwa sababu ya rangi huweza kutobolewa kwa bisibisi. Chasisi za Club Car ni za alumini, ambayo haishiki kutu kama chuma, walakini vipande vya chuma vilivyofungwa juu yake vyaweza kuoza. Chasisi iliyooza haifai kuinuliwa wala kubebeshwa mzigo, na aliyekwisha kulipa fedha zake kabla ya kutazama amepata hasara ambayo rangi mpya haitamfichia.

Ikiwa mifupa ni mizima, kazi ya kuinua huanza. Nyuma, springi huondolewa mahali pake na kuwekewa vipande vya chuma vinavyoiongeza kimo. Mbele ni kazi ngumu zaidi, maana magurudumu ya mbele ndiyo yanayogeuka, na vyuma vinavyoyashika hubadilishwa kwa vingine vilivyotengenezwa kwa ajili hiyo. Watu wengi huinua inchi 4 mpaka 6, kisha hufunga matairi ya inchi 22 yenye meno makubwa. Baada ya hapo magurudumu ya mbele hupimwa tena ili yatazame njia moja sawasawa, la sivyo matairi mapya huliwa upande mmoja kabla ya mwaka kwisha. Kazi yote hiyo mtu mwenye jeki, spana nzuri na rafiki mmoja aweza kuimaliza siku mbili. Kigari sasa chasimama kirefu, chapendeza, na majirani huja kukitazama.

Hapa ndipo wengi husema kazi imekwisha. Hasha! Hapa ndipo hesabu inapoanza, na si hesabu ngumu.

Tairi la inchi 22 likizunguka mara moja huenda mbali zaidi kuliko la inchi 18, kwa kadiri ya asilimia 22. Mota haikubadilika, gia hazikubadilika; kwa hiyo kigari kilichokwenda maili 12 kwa saa sasa chaweza kukaribia maili 15. Mwenyewe hufurahi. Lakini nguvu haiongezwi bure. Kilichopatikana katika mwendo kimeondolewa katika kuvuta: ikiwa zamani magurudumu yalisukuma ardhi kwa nguvu ya ratili 100, sasa husukuma kwa ratili 82 tu. Na mkulima hakutaka mbio. Alitaka kupanda kilima akiwa na nguzo za ua.

Tena sheria hiyo hiyo hufanya kazi wakati wa kusimama. Breki za vigari vingi vya gofu ziko kwenye magurudumu ya nyuma tu, nazo huvutwa kwa kamba za chuma. Mguu ukikanyaga kwa nguvu ile ile ya zamani, tairi kubwa hupokea asilimia 82 tu ya uzuizi uliokuwapo. Wakati huo huo kigari kinakwenda mbio zaidi, na nguvu ya mwendo haiongezeki sawa na mwendo bali huzidi sana: maili 12 zikiwa karibu 15, kile ambacho breki inatakiwa kukimaliza kimeongezeka karibu nusu nzima. Ongeza mzigo. Ongeza mteremko, ambapo uzito hukimbilia mbele na magurudumu ya nyuma, yale yenye breki, huwa mepesi na kuteleza. Hapo mtu amejitengenezea jambo la hatari kwa mikono yake mwenyewe, na amelilipia.

Kuna jambo jingine kuhusu miteremko ambalo wanunuzi wa vigari vya zamani hawaambiwi sikuzote. Vigari vingi vilivyotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 1990 vina mota ambayo, mguu ukiondolewa kwenye pedali ya mwendo, hukishika kigari kisikimbie mno. Mota za aina ya zamani hazishiki. Kigari huachwa kujiendea chini kama mkokoteni uliokatika kamba, na breki peke yake ndiyo tegemeo.

Dawa ziko. Viatu vya breki vyaweza kuwekwa vipya na kamba zake kukazwa sawa pande zote mbili. Ziko pia breki za sahani zinazoendeshwa kwa mafuta, ambazo hufungwa kwenye magurudumu ya mbele; fedha zikiwa chache, ni afadhali zitumike hapo kabla ya taa za urembo na viti vya ngozi. Kuhusu nguvu ya kuvuta, wako wauzao gia za kuongeza nguvu na kupunguza mwendo, na mota zilizotengenezwa kwa kazi nzito. Kisanduku kinachopima umeme uendao kwenye mota, ambacho mafundi hukiita kontrola, hubadilishwa kwa kingine kinachopitisha ampea 400 au zaidi. Lakini hapo waya nazo lazima ziwe nene, kwa maana waya nyembamba ikipitishiwa umeme mwingi hupata moto na kuyeyusha ngozi yake.

Betri nazo zina maneno yake. Kigari cha volti 36 hutumia betri sita za volti 6, na kila moja ina uzito wa ratili 62 hivi, yaani kilo 28. Jumla ni kilo 168, uzito wa watu wawili wanene. Siku hizi ziko betri za lithiamu ambazo uzito wake wote haufiki nusu ya huo, hazihitaji kuongezwa maji, na bei yake ni kubwa. Wanaozisifu wana haki. Lakini uzito wa betri za kale si mzigo tu. Umekaa chini na unakandamiza magurudumu ya nyuma yasiteleze. Anayeuondoa, na huku ameinua kigari inchi 6, amekifanya kiwe chepesi kupinduka, na yafaa apanue nafasi kati ya magurudumu ili kisimame imara.

Na tope? Tairi lenye meno husaidia sana, pengine kuliko kimo chote kile kilichoongezwa. Lakini kigari hiki husukumwa na magurudumu ya nyuma tu, na difu yake ni ya kawaida: gurudumu moja likizama katika utelezi huzunguka ovyo, na mwenzake aliye penye udongo mkavu husimama kutazama. Haliwi gari la jeshi kwa sababu limevaa viatu vya jeshi. Mkulima ajuaye hivyo hupita juu ya bonde siku za mvua, wala haingii ndani yake.

Mwisho hufungwa sanduku la mizigo, mahali palipokuwa pa mifuko ya gofu. Wengine hulitengeneza kwa mbao, wengine kwa bamba la chuma. Hapa kosa la kawaida ni kusahau kwamba vigari vingi vya watu wawili vilikadiriwa kubeba ratili 800 hivi, watu wenyewe wakiwamo. Watu wawili wakiisha kukaa, inabaki karibu nusu, na sanduku zito la chuma limekwisha kula sehemu yake.

Sanduku hilo hilo ndilo linalopendwa na watoto. Uchunguzi uliotangazwa na wataalamu wa Marekani mwaka 2008 ulikadiria kwamba tangu 1990 mpaka 2006 watu karibu 148,000 walitibiwa hospitalini kwa sababu ya vigari vya gofu nchini humo, na karibu theluthi moja yao walikuwa watoto wenye umri wa chini ya miaka 16. Sababu iliyoongoza ilikuwa kuanguka au kuruka kutoka kigarini. Vigari vile vingi vilikuwa vya kawaida, havijainuliwa hata inchi moja.

Serikali ya Marekani nayo ina neno. Tangu mwaka 1998, kigari cha namna hii kikiweza kupita maili 20 kwa saa, lakini kisizidi 25, huhesabiwa kuwa gari la barabarani la mwendo mdogo, na lazima kiwe na taa, vioo, mikanda ya viti na vitu vingine. Kwa hiyo mtu aongezaye mwendo gereji kwake kwa bisibisi aweza kutoka katika sheria moja na kuingia katika nyingine pasipo kujua, mpaka akutane na polisi.

Mafundi wazuri wa huko hukijaribu kigari kabla ya kukikabidhi, na hawakijaribu mahali tambarare. Hukipeleka kwenye mteremko mfupi wenye uwanja mpana chini yake, kwanza bila kitu, kisha kikiwa na mifuko ya mchanga ya uzito ule ule ambao mwenyewe amesema atabeba, na hupima kwa hatua mahali kilipoanza kushikwa breki na mahali kiliposimama. Hatua zikizidi zile za awali, hurudishwa gereji, nacho hakiondoki humo mpaka breki zimetazamwa upya.