Jinsi ya Kupunguza Joto Katika Banda la Motokaa

Mgeni apitaye Kericho na Bomet na kuyaona mashamba ya majani chai yakimetameta kwa mvua hudhani kwamba wenyeji wa nchi hiyo hawana taabu ya joto. Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya mchana mara nyingi huwa nyuzi 25 hivi za sentigredi. Lakini mtu afunguapo mlango wa banda la motokaa lililoezekwa kwa mabati, saa saba au saa nane ya mchana, hupigwa na joto kama la tanuri. Na alifunguapo tena alfajiri, huenda akakuta matone ya maji yakidondoka kutoka mabatini. Basi banda lile lina taabu mbili, joto la mchana na unyevu wa usiku, na zote mbili huanzia juu, katika paa.

Jambo hili si dogo. Ndani ya banda la mkulima hukaa motokaa au pikipiki, na pengine magunia ya mbolea, debe la petroli na bomba la kunyunyizia dawa. Joto jingi hupunguza maisha ya betri na kuifanya petroli igeuke mvuke upesi. Unyevu nao huleta kutu, tena huigandisha mbolea hata ikawa kama mawe. Siku ya kuchuma, watu wengine huweka humo magunia ya majani chai mabichi wakingoja lori la kiwanda, na hapo ndipo hasara huwa kubwa kuliko zote.

Jani lililochumwa bado linapumua

Jani la chai likiisha kuchumwa halifi mara moja. Huendelea kupumua, na kwa kupumua hutoa joto. Likitandazwa mahali penye kivuli na upepo, joto hilo huondoka. Likishindiliwa ndani ya gunia na kuwekwa chini ya mabati ya moto, joto lake halina pa kutokea. Jani hupondeka na kuwa jekundu kabla ya wakati wake, na karani wa kituo cha kununulia ana haki ya kulikataa. Kazi ya tangu alfajiri, ya kuchagua majani mawili na chipukizi, hupotea kwa saa chache.

Viwandani, kama vile Litein, Kapkatet, Mogogosiek na Kapkoros, majani hutandazwa juu ya vitanda virefu vya kunyaushia, na mapanga ya umeme husukuma hewa ipite chini na kupenya katikati yao. Mkulima hana mitambo hiyo nyumbani, lakini aweza kuifuata kanuni yake: hewa iingie kwa chini na kutoka kwa juu.

Kwa nini mabati huwa na joto

Hapo zamani wazee wa Kipsigis walijenga nyumba za msonge zenye kuta za udongo na paa nene la nyasi. Nyasi hupitisha joto polepole sana, kwa hiyo nyumba zile zilikuwa na ubaridi wakati wa jua na vuguvugu wakati wa usiku. Vivyo hivyo watu wa pwani, kutoka Lamu hata Mombasa, hupata kivuli kizuri chini ya makuti. Zao la chai lilipoenea kwa wakulima wadogo, hasa baada ya kuundwa kwa KTDA mwaka 1964, watu wengi zaidi walipata fedha za kununua mabati. Mabati yana faida kubwa: hayavuji upesi, hayashiki moto, na maji ya mvua hukingwa kutoka kwake. Lakini ni membamba, na joto hupenya mara moja.

Tena Kericho na Bomet ziko karibu sana na mstari wa Ikweta. Kwa sababu hiyo jua la saa sita huwa juu ya utosi, au karibu na utosi, mwaka mzima. Paa hupigwa na jua kuliko ukuta wowote. Bati kuukuu lenye kutu laweza kufika nyuzi 60 au kupita, hata kama hewa ya nje ni ya baridi kidogo. Bati hilo hutupa joto lake chini, juu ya kila kitu kilichomo bandani.

Usiku mambo hugeuka. Bati hupoteza joto lake upesi kwa kuelekea mbingu, likawa baridi kuliko hewa iliyo chini yake. Mvuke utokao katika sakafu ya udongo, au katika motokaa iliyoingizwa ikiwa imelowa mvua, hugusa bati hilo na kugeuka maji. Hayo ndiyo matone ya alfajiri. Watu wengi hudhani kwamba paa linavuja, wakanunua lami na misumari bure.

Mambo ya kufanya

Kwanza, joto lipewe mlango wa kutokea. Hewa ya moto hupanda juu. Ikikuta pamezibwa hukaa papo hapo. Yafaa kuacha nafasi ya shubiri moja kati ya kichwa cha ukuta na paa, na kuiziba kwa wavu wa chuma ili wezi, popo na paka wasipite. Kisha yaachwe matundu mengine karibu na sakafu, nayo yawe na wavu. Hewa baridi itaingia kwa matundu ya chini na kuisukuma ile ya moto itoke juu. Kadiri tundu la chini lilivyo mbali na lile la juu, ndivyo hewa inavyovutwa kwa nguvu. Aliye na fundi mzuri aweza kujengewa kipaa kidogo juu ya mgongo wa paa, chenye matundu kando. Lakini kingo zake zishuke vya kutosha, kwa maana nchi hii ina mvua ya upepo na mvua ya mawe.

Kujua kama hewa yatembea si kazi ngumu. Tundika ukanda wa karatasi nyepesi mbele ya tundu la chini wakati wa jua kali. Ukivutwa ndani, kazi imefaulu. Usijaribu kwa moshi wala kibiriti, kwa kuwa bandani mna petroli.

Pili, jua lizuiwe lisilichome paa. Rangi nyeupe iliyotengenezwa kwa ajili ya mabati hurudisha sehemu kubwa ya nuru ya jua. Kwanza kutu isuguliwe, na bati lioshwe likauke. Chokaa ni rahisi kwa bei, lakini mvua za Kericho huiondoa upesi. Ikiwa maji ya kunywa hukingwa kutoka paa hilo, muulize mwenye duka kama rangi hiyo haina sumu ya risasi.

Tatu, yafaa kuweka dari. Dari ya mbao nyembamba au ya mianzi, ikiwa chini ya mabati kwa shubiri moja au zaidi, hulizuia joto lisishuke moja kwa moja. Nafasi iliyo kati ya dari na bati isizibwe, bali iwe wazi pande zote mbili ili upepo upite. Usiku dari hiyo hiyo hupokea matone yasiangukie motokaa. Dari ya nyasi kavu au magunia haifai mahali penye petroli, kwa kuwa hushika moto upesi.

Nne, zitazamwe kuta. Katika nchi hii mara nyingi asubuhi huwa na jua safi, na mawingu ya mvua hukusanyika alasiri. Kwa hiyo ukuta wa mashariki hupata jua jingi. Yafaa kupanda mti upande huo, kama mgrevilea, lakini uwe mbali kiasi cha kwamba tawi likivunjika halitaangukia paa. Mpasheni uliopandishwa juu ya fito, hatua moja mbali na ukuta, nao hutoa kivuli pamoja na matunda. Mkalitusi haufai karibu na nyumba, kwa urefu wake na kwa namna unavyokunywa maji. Ajengaye banda jipya aelekeze mlango kaskazini au kusini, na kuta fupi ziwe ndizo za mashariki na magharibi.

Tano, sakafu iwe kavu. Udongo uinuliwe kuliko uwanja, na mfereji uchimbwe kuzunguka banda. Anayeweza kumwaga simiti atandike kwanza karatasi ya nailoni chini yake, ili unyevu wa ardhi usipande. Magunia ya mbolea yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Motokaa iliyotoka safarini iachwe nje kwanza hata injini ipoe, kwa kuwa injini yenyewe ni jiko.

Mambo ya kuepuka

Watu wengine humwagia sakafu maji ili kupata ubaridi. Huko Lodwar, penye hewa kavu, maji hukauka upesi na kuchukua joto pamoja nayo. Lakini Kericho na Bomet hewa mara nyingi imejaa mvuke, na maji hayakauki upesi. Atakayemwaga maji ndani ya banda lililofungwa ataongeza kutu, wala hatapunguza joto.

Wengine huziba matundu yote usiku kwa kuogopa baridi au wezi. Afadhali kuongeza wavu na kufuli imara kuliko kuziba. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hutambaa sakafuni. Matundu ya chini ndiyo yanayoutoa. Ukikusanyika, cheche moja tu yatosha kuunguza banda na nyumba iliyo karibu. Kwa sababu hiyo debe la petroli lifungwe barabara, na jiko au taa ya moto visiingizwe kamwe. Tena mtu asiiwashe injini na kuiacha ikinguruma ndani ya banda. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa wamelala au wameketi.

Kuhusu majani chai, hata banda lililotengenezwa vizuri lisiwe ghala lake. Jani hunyonya harufu upesi, na harufu ya petroli haitoki. Majani yajengewe kibanda chake, chenye paa na pande wazi, na magunia yasishindiliwe. Lori likichelewa, majani yatandazwe juu ya chanja safi, yageuzwe polepole kwa mkono.

Asiye na fedha za kufanya yote kwa mara moja na aanze na matundu, kwa kuwa yahitaji patasi, wavu na kazi ya siku moja. Mapato ya chai yakiingia, apake rangi. Na ya mwaka wa pili, aweke dari. Haba na haba hujaza kibaba. Banda lipitishalo hewa huilinda motokaa, huihifadhi mbolea, na zaidi ya hayo huwalinda watu wa nyumbani na moto na sumu.