Waya wa Gitaa Usiinyamazishe Bendi

Kila kambi yenye bendi inaijua aibu hii: watu wamekwisha kusimama kucheza, mara gitaa la solo linakwaruza, kisha linanyamaza. Lawama humwangukia mpigaji au amplifaya, kumbe mara nyingi mkosaji ni waya uliolala miguuni pake. Na kwa kuwa waya mwingine hununuliwa kwa michango ya askari wenyewe, tumeona yafaa tulieleze jambo hili.

Umeme utokao katika gitaa ni dhaifu mno. Ndiyo sababu waya wake una uzi wa shaba katikati, uliozungukwa na wavu wa shaba unaozuia mvumo wa taa na mitambo. Waya wa spika hauna wavu huo. Mkiutumia kwenye gitaa mtausikia mvumo usiku kucha. Kinyume chake ni kibaya zaidi: waya mwembamba wa gitaa ukiunganishwa kati ya amplifaya na spika waweza kupata moto, na amplifaya ya valvu ikaharibika. Plagi zake hufanana, basi nyaya zitiwe alama.

Jambo kubwa ni urefu. Kila mita ya waya huhifadhi umeme kidogo, upimwao kwa pikofaradi, na kadiri jumla inavyozidi ndivyo sauti nyembamba za juu zinavyofifia. Mita 3 zenye pikofaradi 100 kila moja hufanya 300. Mita 10 zenye 160 hufanya 1,600, na solo husikika kama lililofunikwa blanketi la kambini. Mpigaji asimamaye hatua chache kutoka kwenye amplifaya hana haja ya kupita mita 6. Waya mfupi una sauti bora, na bei yake ni ndogo.

Wenye pedali nao wahesabu vyema. Pedali 5 zinahitaji nyaya fupi 4 za kuziunganisha, pamoja na ule utokao kwenye gitaa na ule uendao kwenye amplifaya: nyaya 6, plagi 12. Plagi moja ikilegea, safu yote imekufa. Kwa hiyo tusinunue fungu la nyaya za rangirangi ambazo plagi zake zimefungwa kwa plastiki isiyofunguka, kwani zikikatika ndani hazitengenezeki. Tuchague plagi ya chuma inayofunguliwa kwa kuzungushwa, yenye kibanio kinachoushika waya usivutike. Dhahabu iliyopakwa juu ya plagi huzuia kutu, lakini haiongezi utamu wa muziki; hiyo ni pambo la muuza duka.

Njia iliyo rahisi kupita zote ni kununua waya kwa mita, na plagi peke yake, kisha kulehemu wenyewe. Canare na Mogami za Japani hutengeneza waya wa namna hiyo. Neutrik na Switchcraft hutengeneza plagi. Askari wa mawasiliano hawatashangaa, maana plagi hii ya milimita 6.35 asili yake ni mitambo ya simu ya karne ya 19. Baada ya kulehemu, mita ionyeshe njia wazi kutoka ncha hadi ncha, na pasiwe na njia kati ya ncha na mwili wa plagi. Tikiseni waya wakati wa kupima, kwa sababu mwingine hudanganya ukiwa umetulia.

Mvumo ukiendelea, tafuteni wavu uliokatika. Msikate kamwe waya wa ardhi katika plagi ya umeme ya amplifaya, ijapokuwa mvumo utapungua. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na ardhi hiyo, na amplifaya ikiwa na hitilafu, mpigaji aliyeshika nyuzi huku midomo yake ikigusa maikrofoni aweza kuuawa na umeme papo hapo jukwaani.