Samadi ya Zizini na Mvua za Kwanza

Mahali palipokuwa na zizi la zamani hujulikana kwa unene wa nyasi zake. Ndivyo ilivyo katika malisho ya Dirma na kwingineko Hanang na Mbulu, na sababu ni naitrojeni ya samadi na mkojo wa kondoo na mbuzi. Bakteria wa udongoni huigeuza kuwa amonia, kisha kuwa naitreti. Amonia nyingine hupotea hewani, nyingine hushikwa na chembe za udongo. Naitreti haishikwi, bali hufuata maji yaendako.

Hasara kubwa huletwa na mvua za kwanza. Mwaka 1958 H. F. Birch, mtafiti wa Muguga, Kenya, alieleza kwamba udongo uliokauka sana ukilowa ghafla, bakteria huamka kwa wingi na kufungua naitrojeni nyingi mara moja. Wakati huo nyasi hazijachipua, wala mahindi hayana mizizi ya kuipokea. Chakula hicho cha mimea huzama chini, pengine hadi kisimani, ambako naitreti ikizidi huwadhuru watoto wachanga. Zizi linalohamishwa mara kwa mara hutawanya samadi malishoni. Iliyokwisha kurundikwa yafaa iezekwe, isinyeshewe kabla ya kupelekwa shambani.