Tembe Anapogeuka Mtetea

Kiswahili hakimwiti kuku jike kwa jina moja tangu anapoanguliwa hadi anapochinjwa. Akiwa mdogo ni kifaranga. Akishakua na kuota manyoya kamili lakini hajataga, huitwa tembe. Anapofikia kutaga, akawa anazunguka uani huku akitoa ile sauti ya kutetea, huwa mtetea. Na akishaatamia na kuangua, huitwa koo. Katika mazungumzo ya wafugaji wa mijini neno tembe husikika kwa nadra siku hizi, jambo la kusikitisha kidogo, kwa kuwa wiki chache zinazomtenganisha tembe na mtetea ndizo ambazo mwili wa ndege huyo hubadilika kwa kasi kubwa, na ndizo pia ambazo mwenye kuku hukosea mara nyingi kwa haraka yake ya kuliona yai.

Umri wa kuanza kutaga hutegemea kwanza asili ya kuku. Kuku wa mayai wa kisasa, waliochaguliwa kwa vizazi vingi kwa kazi hiyo moja, huanza wakiwa na wiki 18 hadi 20, ilhali kuku wa kienyeji anayejitafutia riziki uani huchukua miezi sita au zaidi, na machotara wanaouzwa siku hizi huangukia katikati. Hata hivyo umri ni makadirio tu, kwa sababu mwili hauanzi kutengeneza mayai mpaka uwe umefikia uzito unaotosha. Tembe aliyedumazwa na minyoo, au aliyelishwa pumba tupu tangu utotoni, anaweza kutimiza miezi minane bila dalili yoyote, na mwenyewe akadhani ameuziwa kuku tasa.

Jambo la pili ni mwanga. Mwili wa kuku hautegemei macho peke yake ili ujue urefu wa siku, kwani mwanga hupenya manyoya, ngozi na fuvu jembamba hadi kwenye haipothalamasi, yaani sehemu ya chini ya ubongo inayosimamia homoni, na hapo ndipo hutoka amri ya kuiamsha ovari. Ulaya, ambako siku za majira ya baridi ni fupi mno, tembe aliyekomaa mwezi wa Desemba anaweza kungoja miezi kadhaa, mpaka siku zirefuke, ndipo atage. Afrika Mashariki haina shida hiyo, maana kwa Nairobi tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi kuliko zote za mwaka ni kama dakika kumi tu, na hata kwa Dar es Salaam haifiki saa moja. Ndiyo maana kuku wa ukanda huu huanza kutaga mwezi wowote, na ndiyo maana taa ambazo wafugaji wa biashara huwasha ili mwanga wa siku ufike saa 16 si lazima kwa mwenye kuku sita wa uani. Kumwashia taa tembe ambaye mwili wake haujakomaa ni kumharakisha vibaya: hutaga vijiyai vidogo, na njia yake ya uzazi, ikiwa bado nyembamba, huweza kutoka nje, wenzake wakaidonoa mpaka akafa.

Ndani ya tumbo kazi hufanywa na ovari moja tu, ile ya kushoto, kwa kuwa ya kulia husinyaa tangu ndege hajaanguliwa. Ovari hiyo ina maelfu ya chembe za uzazi, na homoni zinapoanza kazi, ini hutengeneza mafuta na protini za kiini, damu ikazisafirisha hadi kwenye ovari, na chembe chache kwa zamu zikanenepa kwa muda wa siku saba hadi kumi. Mpishi aliyewahi kumpasua mtetea anaijua vizuri sura hiyo: viini vya manjano vinavyoning'inia kama kichala, kimoja kikubwa kilicho tayari, cha pili kimepungua kidogo, cha tatu kimepungua zaidi, hadi vile vya ukubwa wa punje ya mtama. Kiini kilichoiva huchopoka na kudakwa na mdomo wa mrija wa mayai, ambao katika tembe mchanga huwa mwembamba kama uzi na sasa umefikia urefu wa sentimita 70 hivi. Humo huvikwa ute kwa muda wa saa tatu, kisha zile ngozi mbili nyembamba zinazoonekana yai la kuchemsha linapomenywa, na mwisho hukaa katika tezi ya ganda kwa saa 20 hivi.

Ganda ndilo lenye gharama. Kila yai huondoka na gramu mbili hivi za kalsiamu, yaani madini ya chokaa, na mifupa yote ya kuku ina takriban gramu 20 tu, kwa hiyo yai moja ni sawa na sehemu ya kumi ya akiba nzima. Mwili hujiandaa kwa deni hilo mapema: wiki mbili hivi kabla ya yai la kwanza, homoni iitwayo estrojeni huanza kuujaza uwazi wa mifupa mirefu, hasa ya miguu, kwa aina ya pekee ya mfupa ambao kazi yake si kubeba uzito bali kuwa ghala la chokaa, kwa sababu sehemu kubwa ya ganda hujengwa usiku, wakati ndege amelala na hakuna anachokula. Hapa ndipo haraka ya mfugaji hudhuru. Chakula cha kukuzia huwa na kalsiamu ya asilimia 1 hivi, na kile cha kuku wanaotaga huwa na asilimia 3.5 hadi 4. Kumpa tembe wa miezi mitatu chakula cha mayai, kwa imani kwamba ataanza mapema, hakumsogezi hata kidogo, bali huzitwisha figo zake madini yasiyo na kazi mpaka zikaharibika. Kwa mwenye kuku wachache wa umri mchanganyiko, njia salama ni kuwalisha wote chakula cha kukuzia na kuweka kando chombo chenye maganda ya chaza au kombe yaliyopondwa, ambayo watu wa pwani huyaokota bure, au maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa hata yasifanane tena na yai. Anayehitaji chokaa hujidonolea mwenyewe, hasa jioni, na asiyehitaji huyapita.

Kwa nje, dalili ya kwanza husomwa kichwani. Upanga, yaani ile nyama iliyosimama juu ya kichwa ambayo wengine huiita undu, hutoka katika rangi iliyopauka ukawa mwekundu na mnene, na ndevu za nyama chini ya mdomo hufuata. Mtu akimkaribia, tembe ambaye juzi alikuwa akikimbia kwa kelele sasa huchutama ghafla, mabawa ameyatanua kidogo na miguu ameikaza chini, kama afanyavyo mbele ya jogoo. Watu wa nyumbani hufurahi kwamba kuku amewazoea, kumbe ni homoni. Dalili ya hakika zaidi hupimwa kwa vidole: pande mbili za tundu la kutagia kuna ncha za mifupa miwili ya nyonga ambazo katika tembe haziachi nafasi zaidi ya kidole kimoja, na katika aliye tayari huingia viwili au vitatu, huku tundu lenyewe likiwa limepanuka na kupata unyevu.

Mayai ya mwanzo huwa madogo na mara nyingine ya ajabu. Lipo lisilo na kiini kabisa. Lipo lenye viini viwili, kwa kuwa viini viwili vimechopoka kwa pamoja. Lipo lililotoka bila ganda, laini kama mfuko wa maji, kwa kuwa tezi ya ganda bado haijaenda sambamba na ovari. Na lipo lenye mchirizi wa damu juu yake, kwa sababu njia ndiyo kwanza inapanuka. Kasoro hizi zikiendelea wiki chache tu si ugonjwa. Zikidumu, au zikiwapata makoo waliokuwa wakitaga vizuri, hapo ndipo pa kufikiria upungufu wa chokaa au maradhi, kikiwamo kideri, ambacho chanjo yake ni bora iwe imekamilika kabla ya msimu wa kutaga kuanza.

Jingine linalowatatiza wengi ni ratiba. Mtetea hutaga saa mbili asubuhi siku ya kwanza, saa tatu siku ya pili, karibu saa tano siku ya tatu, kisha siku inapita bila yai, na mwenyewe huanza kutafuta mwizi. Sababu ni hesabu: yai huchukua zaidi kidogo ya saa 24 kukamilika, na kiini kinachofuata huchopoka nusu saa hivi baada ya lile la kwanza kutagwa, kwa hiyo kila yai huchelewa kuliko la jana yake, lakini homoni inayokiachia kiini hutolewa katika saa maalumu za usiku tu, na zamu ikishasukumwa nje ya saa hizo, mwili husubiri hadi usiku wa pili na kuanza upya.

Kuhusu kiota hapana mengi. Boksi la sentimita 30 kila upande, lenye majani makavu na lililowekwa penye giza, huwatosha kuku wanne au watano, na yai moja la mti au la plastiki ndani yake humwonyesha tembe mahali pa kutagia kabla hajajichagulia kichaka cha jirani.

Jogoo hahitajiki kwa haya yote, ingawa wapo wanaoapa kwamba pasipo jogoo hakuna yai. Anahitajika kwa lile linalofuata kwa kuku wa kienyeji, ambaye hatagi mfululizo: akifikisha mayai 10 hadi 15, na yakiachwa mahali pake, huacha kutaga, hukaa kiotani usiku na mchana akitoka mara chache tu kula na kunywa, huvimbisha manyoya na kumdonoa kila anayenyoosha mkono. Siku ya 21 husikika mlio mdogo ndani ya maganda.