Ukikamatwa Ijumaa: kutoka meza ya OB hadi rumande, Kitui na Makueni

Uzi mrefu kidogo, kwa hivyo tafuta chai kwanza.

Kila msimu wa siasa lazima usikie sentensi mbili. Ya kwanza: "Polisi wanashika, korti zinaachilia." Ya pili hutoka kwa mtu anayetafuta kiti cha kaunti: "Mkinichagua, zile seli nitazirekebisha." Mimi nasomea sayansi ya siasa, nyumbani ni Kitui, na zote mbili hunikera. Zinamsahau mtu ambaye yuko ndani na bado hajapatikana na hatia yoyote.

Kwanza tutenganishe maneno. Seli ni vyumba vya kituo cha polisi. Rumande ni pale korti inakupeleka kungoja kesi. Kifungo ni baada ya hukumu. Shida ni kwamba huku kwetu rumande na kifungo mara nyingi ni nyuma ya ukuta mmoja, kwa hivyo mtaani tunasema tu "fulani amefungwa". Hajafungwa. Anangoja.

Sasa safari yenyewe. Ukiletwa kituoni, iwe Mutomo, Mwingi, Emali ama Makindu, unaanzia kwenye meza ya ripoti. Pale kuna kile kitabu kikubwa cha matukio, OB. Afisa anaandika jina lako, saa, kosa unalodaiwa na aliyekuleta, halafu unapata nambari yenye tarehe ndani yake. Watu hudharau hiyo nambari, lakini mtu ambaye hayuko kwenye OB, kwa karatasi hayuko kituoni. Familia ikija kuuliza inaambiwa "hatuna huyo", na basi, wanaanza kuzunguka vituo. Kwa hivyo ukienda kumtafuta mtu, uliza nambari ya OB kabla hujauliza kitu kingine.

Baada ya hapo unapekuliwa. Simu, pesa, mshipi, kamba za viatu, vyote vinaandikwa na kuwekwa. Soma kilichoandikwa kabla ya kutia sahihi. Kisha ndani.

Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 inasema kabisa seli iweje: safi, mwanga wa kutosha, choo na mahali pa kuoga, wanaume mbali na wanawake, watoto mbali na watu wazima. Isome, halafu uende uone kituo kidogo cha mashambani ambacho kina vyumba viwili tu. Mmoja ukipewa wanawake, kijana wa miaka 15 atalala wapi? Hilo ndilo swali la mdahalo, si rangi ya ukuta.

Na si mambo ya starehe tu. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu aliyekuwa akiandika mtandaoni, alikamatwa Homa Bay Jumamosi, akasafirishwa hadi Nairobi, na kufikia Jumapili alikuwa amefariki mikononi mwa polisi. Kwanza tuliambiwa alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ukasema majeraha hayalingani na hiyo hadithi. Usiku wa kwanza ndio hatari, kwa sababu hakuna hakimu amekuona na pengine wakili hajafika.

Hapo ndipo Kifungu cha 49 cha Katiba kinaingia: ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Wengi wanakijua hivyo tu. Lakini kina sehemu ya pili: saa 24 zikiishia nje ya saa za korti, ama siku ambayo korti haikai, muda unasogea mpaka mwisho wa siku ya korti inayofuata. Sasa piga hesabu. Ukamatwe Ijumaa saa kumi na moja jioni. Saa 24 zinaisha Jumamosi. Korti imefungwa. Polisi wana mpaka Jumatatu jioni, na hawajavunja kitu. Ndiyo maana Wakenya wana jina la mchezo huu, "kamata kamata Friday". Nikitaka kukuadhibu bila ushahidi, sihitaji kesi. Nahitaji kalenda.

Kuna njia ya kutoka mapema: bondi ya polisi, ambayo OCS anaweza kutoa kwa makosa mengi madogo. Bondi yenyewe ni bure. Ukitoa pesa taslimu kama dhamana, upewe risiti, na ni pesa ya kurudishwa. Mwaka jana nilimsindikiza shangazi kumpelekea binamu yangu chakula kwenye kituo fulani, sitakitaja. Tukaambiwa bondi ni elfu tano. Tulipouliza risiti ikawa elfu mbili. Tulipouliza tena ikawa "ngojeni OCS arudi". OCS alirudi Jumatatu.

Kortini sasa. Unasomewa mashtaka, unajibu, na ukikana hakimu anaamua dhamana. Dhamana ni haki, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kukunyima, na haimaanishi umeachiliwa. Kesi inaendelea. Anayesema "korti zinaachilia" kwa kawaida anazungumzia dhamana, na sijui kama hajui ama anajua anachofanya.

Lakini kupewa dhamana na kuimudu ni vitu viwili. Mara nyingi mdhamini anatakiwa alete hatimiliki ya shamba ama logbuku ya gari. Sehemu nyingi za Kitui ardhi bado haijapimwa, watu wanalima shamba la babu bila karatasi. Mzee ana ekari 20 na mbuzi 40, lakini mbele ya korti hana kitu. Mwenye ploti ndogo ya mjini yenye hatimiliki anamtoa mwanawe siku hiyo hiyo. Ongeza umbali: Kaunti ya Kitui ina zaidi ya kilomita mraba 30,000, na nauli ya kwenda na kurudi kila kesi ikitajwa inamaliza hao mbuzi.

Asiyemudu anapelekwa rumande kwa hati ya korti. Gerezani anasajiliwa upya: jina, kesi, tarehe ya kurudi kortini, afya. Mama anaruhusiwa kuingia na mtoto wa chini ya miaka minne, kwa hivyo kuna watoto walio ndani kwa sababu ya kesi ambayo haijaamuliwa. Akihukumiwa baadaye, korti inapaswa kuhesabu siku alizokaa. Akiachiliwa huru, hizo siku hakuna wa kumrudishia.

Na yule wa "nitazirekebisha"? Polisi na magereza ni kazi ya serikali ya kitaifa. Gavana hana seli. Mbunge anaweza kuelekeza sehemu ya NG-CDF kwa miradi ya usalama, ikiwemo kujenga kituo. Kaunti iko na nguvu nyingine ambayo haizungumziwi: inatunga makosa. Makueni ilitunga sheria ya mchanga 2015. Kitui ilipiga marufuku biashara ya makaa 2018. Kuna ada za soko, kuna askari wa kaunti. Na Kifungu kile kile cha 49 kinasema kosa la faini pekee, ama la kifungo kisichozidi miezi sita, halimpeleki mtu rumande. Mgombea wa MCA akija kwenu, muulize adhabu gani imeandikwa kwenye sheria za kaunti, na mama wa mboga akishikwa Ijumaa analala wapi.