Utando wa Polima Unavyoitambua Methanoli katika Damu

Mgonjwa aliyekunywa pombe haramu huweza kufika hospitalini macho yakiwa yameanza kuona ukungu. Swali linaloelekeza tiba yake ni moja: je, damu ina methanoli, au ina ethanoli peke yake? Mwezi Mei 2014 nchini Kenya, pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu na kuwapofusha wengine.

Jibu hutolewa na kromatografia ya gesi. Damu kidogo hufungwa ndani ya kichupa na kupashwa joto. Mvuke wake husukumwa na gesi kama heli kupitia mrija wa silika, mwembamba sana, ambao mara nyingi huwa na urefu wa meta 30. Gesi hiyo haitenganishi chochote. Kazi hufanywa na utando wa polima uliopakwa ndani ya mrija, ambao unene wake hupimwa kwa mikromita. Kila molekuli huingia katika utando, hutoka, kisha huingia tena, mara nyingi mno. Ile inayoshikwa zaidi huchelewa kufika mwisho.

Polima hazishiki kwa namna moja. Utando wa silikoni hutenganisha hasa kwa kufuata kiwango cha mchemko: methanoli huchemka kwenye nyuzi 64.7 za Selsiasi, ethanoli kwenye nyuzi 78. Polietilini glaikoli huvutana na vileo kwa viungo vya hidrojeni. Ndiyo maana maabara makini hutumia mirija miwili yenye tando tofauti, na dutu hukubaliwa pale tu inapojitokeza kwa wakati wake katika yote miwili. Kwa njia hiyo asetoni ya mgonjwa wa kisukari haidhaniwi kuwa kileo.

Utando huchakaa kwa oksijeni na joto kali. Hivyo mchanganyiko unaojulikana hupimwa kwanza.

Wodini, ngozi isisafishwe kwa spiriti kabla ya kutoa damu, na chupa ifungwe barabara. Dalili zikiashiria sumu, tiba isisubiri majibu: fomepizoli, au ethanoli isipopatikana, huzuia methanoli kugeuzwa kuwa asidi ya fomiki inayoharibu neva ya jicho. Mgonjwa naye aseme alikunywa nini na saa ngapi. Dalili huweza kukawia saa 12 hadi 24, na methanoli iliyokwisha kugeuka asidi haionekani katika kipimo hiki.