Kwa nini mvinyo wa Brunello hudai subira ya miaka mingi

USIKU mmoja mwanzoni mwa Desemba 2012, mtu alipenya katika ghala la mkulima Gianfranco Soldera huko Montalcino, Italia, akafungua mifereji ya mapipa makubwa ya mbao. Kulipopambazuka, zaidi ya lita 60,000 za mvinyo zilikuwa zimemwagika na kuishia mtaroni. Aliyepatikana na hatia baadaye alikuwa mfanyakazi wa zamani wa shamba hilo.

Hasara hiyo haikuweza kufidiwa kwa fedha pekee. Mvinyo uliopotea ulikuwa wa mavuno ya miaka sita, kuanzia 2007 hadi 2012, na msimu uliopita hauvunwi tena. Ili kufahamu uzito wa tukio hilo, ni sharti kujua jinsi mvinyo mwekundu wa Brunello di Montalcino unavyotengenezwa, unavyohifadhiwa na unavyoonjwa.

Montalcino ni mji mdogo ulio juu ya kilima katika eneo la Toscana, kusini mwa Siena. Katika karne ya 19, familia ya Biondi Santi iliamua kutumia zabibu za aina moja tu, Sangiovese, ilhali desturi ya Toscana ilikuwa kuchanganya aina kadhaa. Chupa zao za mavuno ya 1888 ndizo zilizoujengea mvinyo huu sifa ya kuishi miaka mingi.

Tangu 1980, Brunello umo katika daraja la juu kabisa la sheria za mvinyo nchini Italia. Ni lazima utokane na Sangiovese pekee, ukae katika mapipa ya mbao kwa muda usiopungua miaka miwili, kisha miezi minne ndani ya chupa. Hauruhusiwi kuuzwa kabla ya Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno. Hivyo basi, zabibu zilizochumwa 2020 zilifika sokoni 2025. Mwaka 2008, wazalishaji kadhaa walichunguzwa kwa tuhuma za kuchanganya zabibu nyingine. Mjadala mkali ulizuka, lakini mwaka huo huo wazalishaji walipiga kura kudumisha kanuni ya Sangiovese pekee.

Subira hiyo ina sababu. Maganda na mbegu za zabibu hutoa tanini, kitu kile kile kinachoukausha ulimi mtu anapokunywa chai ya mkandaa iliyokolea. Brunello mchanga una tanini nyingi na uchachu mwingi, kwa hivyo huweza kumkera anayeuonja. Kadiri miaka inavyosonga, tanini huungana na kulainika, na sehemu yake hutuama chini ya chupa kama mashapo. Mavuno ya mwaka mzuri huweza kuhifadhiwa kwa miaka 20 au zaidi.

Hata hivyo, muda pekee hautoshi. Chupa huhitaji mahali penye giza, patulivu, penye joto lisilobadilika la nyuzi 12 hadi 15 hivi za Selsiasi. Joto jingi huuzeesha mvinyo kabla ya wakati wake, na joto linalopanda na kushuka hukilegeza kizibo. Chupa hulazwa ili mvinyo ukigusane na kizibo. Kikikauka hunywea, hewa ikapenya na mvinyo ukaharibika. Kabati la jikoni, karibu na meko, ni mahali pabaya kuliko pote.

Siku ya kuonja inapowadia, chupa kuukuu husimamishwa siku moja au mbili kabla, mashapo yatuame. Kisha mvinyo humiminwa polepole katika jagi la kioo, na mmiminaji hukoma pindi mashapo yanapokaribia shingo ya chupa. Mvinyo mchanga hufaidika ukiachwa wazi kwa saa kadhaa. Ule mkongwe sana usiachwe muda mrefu, maana harufu yake hufifia upesi.

Bilauri ijazwe thuluthi moja tu, ikainamishwe mbele ya kitambaa cheupe. Mvinyo mchanga huwa na wekundu wa yakuti, na uliokomaa huwa na rangi ya tofali ukingoni. Baadaye huzungushwa na kunuswa. Ujana hunukia cheri, na uzee hunukia ngozi, tumbaku na majani makavu. Iwapo unanukia karatasi iliyooza kwa unyevu, kizibo kilikuwa na dosari, na mwenye chupa hana lawama. Mwisho, mvinyo husambazwa mdomoni. Ule bora huacha ladha inayodumu hata baada ya kumezwa.

Inafaa aliye na uwezo anunue chupa kadhaa za mwaka mmoja, afungue moja kila baada ya miaka michache. Mwenye chupa moja hubahatisha siku ya kuifungua, na akikosea hana nyingine. Kilichomwagika Montalcino ni hicho hasa: miaka sita ya kungoja, na mingine mingi ambayo ingefuata.